FAHARI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA
West Ham ilipohamia uwanja wa wanariadha

Askari aliyewahi kupokea barua ya uhamisho anajua kwamba kuhama kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kazi ya siku moja. Vitanda hufunguliwa, masufuria hufungwa katika magunia, watoto hupandishwa juu ya lori, na ifikapo jioni familia imekwisha kulala chini ya paa jingine. Sehemu ya pili huchukua miezi, pengine miaka. Mama wa nyumba hutafuta soko jipya na jirani wa kumwazima chumvi. Watoto hutafuta wenzao wa kucheza nao. Naye baba, atokapo zamu usiku, miguu humvuta kuelekea kota za zamani.

Mwaka 2016 mji wa London uliona uhamisho wa namna hiyo, ila waliohama hawakuwa familia moja. Ilihama klabu nzima ya kandanda, West Ham United, pamoja na wapenzi wake maelfu kwa maelfu. Klabu hiyo iliuacha uwanja wake wa Upton Park, ilimokuwa ikicheza tangu mwaka 1904, ikaingia katika uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya wanariadha wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Safari yenyewe ilikuwa fupi, haikutimia hata kilometa tano. Lakini sehemu ya pili ya kuhama huko iliwatesa watu wa West Ham kwa miaka, nayo iliigharimu hazina ya umma kuliko ilivyokisiwa tangu awali.

WAFUA VYUMA WA MTO THAMES

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Klabu ya West Ham ilizaliwa na watu walioviunda vitu vinavyoelea. Mwaka 1895 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Thames Ironworks, kilichokuwa mashariki ya London, walianzisha timu ya kandanda kwa msaada wa mwenye kiwanda, Arnold Hills. Kiwanda hicho ndicho kilichounda HMS Warrior, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1860, ya kwanza ya Uingereza kuwa na mwili wa chuma uliovikwa deraya. Hadi leo nyundo mbili zilizopishana katika nembo ya klabu ni nyundo za mafundi wale waliokuwa wakipigilia ribiti katika mabamba ya meli. Timu ilichukua jina la West Ham United mwaka 1900. Kiwanda kilifungwa mwaka 1912, lakini nyundo zikabaki.

Jambo moja katika historia hiyo halifahamiki kwa wengi. Kabla ya kufika Upton Park, timu ilikuwa ikichezea uwanja ulioitwa Memorial Grounds, alioujenga Hills mwaka 1897. Uwanja huo haukuwa wa kandanda peke yake. Ulizungukwa na njia ya mashindano ya baiskeli na ya mbio za miguu, na kando yake palikuwa na bwawa kubwa la kuogelea. Kwa hiyo klabu iliyokuja kulalamikia njia ya kukimbilia katika karne hii, ilikwisha kuishi na njia kama hiyo katika utoto wake, na ilipoondoka mwaka 1904 ilihamia Upton Park.

NYUMBA YA MIAKA 112

Upton Park haukuwa uwanja wa fahari. Ulibanwa na nyumba za watu wa kazi, na katika miaka yake ya mwisho ulichukua watazamaji 35,000 tu. Lakini kubanwa huko ndiko kulikokuwa utamu wake. Viti vya mbele vilikuwa hatua chache kutoka mstari wa pembeni, hata mchezaji wa timu ngeni aliyekwenda kurusha mpira aliweza kuyasikia waziwazi maneno aliyokuwa akiambiwa.

Siku ya mchezo ilikuwa na utaratibu wake. Watu waliteremka kwenye stesheni ya reli, wakashuka na barabara ya Green Street, wakapita penye soko la Queen's Market na maduka ya vitambaa ya Wahindi, wakala mkate wa nyama wenye viazi vilivyopondwa, kisha wakaingia. Babu alikuwa amempeleka baba, na baba alimpeleka mwanawe kwa njia ile ile, wakikaa karibu na watu wale wale kila wiki. Wenye mikahawa na wauza skafu waliishi kwa siku hizo.

Uwanja huo ulionja vita pia. Mwezi Agosti 1944 bomu la Wajerumani la aina ya V-1, lililokuwa likiruka bila rubani, liliangukia kiwanjani, na kwa muda timu ikalazimika kucheza michezo yake yote ugenini. Aidha, humo ndimo walimokulia kimchezo watu watatu walioiletea Uingereza Kombe la Dunia mwaka 1966. Bobby Moore alikuwa nahodha, Geoff Hurst alifunga mabao matatu katika fainali, na Martin Peters alifunga moja. Mabao yote manne ya ushindi wa 4 kwa 2 dhidi ya Ujerumani Magharibi yalitoka kwa vijana wa West Ham. Sanamu yao, pamoja na Ray Wilson wa Everton, ilisimamishwa karibu na uwanja mwaka 2003.

Mchezo wa mwisho ulichezwa usiku wa tarehe 10 Mei 2016 dhidi ya Manchester United. Barabara zilifurika watu hata basi la wageni likakwama, chupa zikatupwa, na mchezo ukacheleweshwa kwa dakika 45. West Ham ilishinda 3 kwa 2, na bao la mwisho la ushindi katika nyumba hiyo likafungwa kwa kichwa na Winston Reid. Taa zilipozimwa watu wazima walilia. Baada ya hapo uwanja ulivunjwa, na mahali pake pakajengwa nyumba za ghorofa za kuishi watu.

UWANJA ULIOZALIWA NA MBIO

Nyumba mpya nayo ilikuwa na historia yake, tena historia ambayo watu wa Afrika Mashariki wana sehemu kubwa ndani yake. Hapo, tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha wa Kenya aliongoza mbio za mita 800 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akatumia dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia umbali huo chini ya dakika 1 na sekunde 41 kabla yake. Siku tatu baadaye Stephen Kiprotich, askari magereza wa Uganda, alishinda marathoni katika barabara za London. Medali yake alivishwa ndani ya uwanja huo, katika sherehe ya kufunga Michezo, na wimbo wa taifa wa Uganda ukapigwa mbele ya dunia nzima. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua, afisa wa polisi, aliyoipata Munich mwaka 1972.

Baada ya sherehe lilibaki swali ambalo kila mji ulioandaa Olimpiki hukutana nalo: uwanja wa watu 80,000 utafanya kazi gani wageni wakiisha kwenda zao? London ilipoomba kuandaa Michezo hiyo mwaka 2005, iliahidi kwamba riadha itaachiwa makao ya kudumu. Kwa sababu hiyo uwanja ulichorwa kwa kuwafikiria wakimbiaji kwanza. Mpango wa awali ulikuwa kuupunguza baadaye uwe mdogo, wa watu kama 25,000, kwa ajili ya riadha. Ndipo ilipoonekana kwamba uwanja wa riadha peke yake hauwezi kujilisha, kwa kuwa mashindano makubwa ya mbio huja mara chache kwa mwaka, lakini mpira huchezwa karibu kila wiki mbili.

Klabu mbili za kandanda ziliutaka uwanja. Tottenham ilitaka kuuvunja kwa sehemu kubwa na kujenga wa mpira peke yake, huku ikiahidi kukarabati uwanja wa riadha wa Crystal Palace. West Ham iliahidi kuiacha njia ya kukimbilia mahali pake. Mapema mwaka 2011 West Ham ilichaguliwa, lakini Tottenham na klabu jirani ya Leyton Orient zilikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba mwaka huo mpango wa kuuza ukavunjika. Ikaamuliwa uwanja ubaki mali ya umma na upangishwe. Mwezi Machi 2013 West Ham ikatangazwa kuwa mpangaji mkuu kwa muda wa miaka 99. Chama cha riadha cha Uingereza nacho kikapewa haki ya kuutumia kila kiangazi kwa miaka 50.

Hivyo ndivyo fahari wawili walivyotiwa katika zizi moja.

HESABU YA VIPIMO

Ugumu wa jambo hili haukuwa wa hisia tu. Mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuupima mwenyewe.

Kiwanja cha kandanda cha kimataifa kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Njia ya kukimbilia ya mita 400, kwa vipimo vya kawaida, huzunguka eneo lenye upana wa mita 73 na urefu wa mita 157 hivi. Kila mkimbiaji hupewa ujia wa mita 1.22, kwa hiyo wakimbiaji wanane huhitaji karibu mita 10 kila upande. Ukivijumlisha vipimo hivyo, utaona kwamba mtazamaji aliyekaa kando ya kiwanja hutenganishwa na mstari wa pembeni kwa zaidi ya mita 12. Aliyekaa nyuma ya goli huwa mbali zaidi, karibu mita 36. Umbali huo unazidi mara mbili kina cha eneo la adhabu, ambacho ni mita 16 na nusu. Mpira unapogombaniwa katika goli la mbali, mtu huyo huhitaji macho ya tai.

Mji wa Manchester ulikutana na hesabu hiyo hiyo ukaitatua mapema. Uwanja wake mpya ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2002, ambayo marathoni yake ilishindwa na Mtanzania Francis Naali. Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa ilikwisha kukubaliwa kwamba baada ya Michezo uwanja utakuwa wa kandanda. Wakimbiaji walipoondoka, njia yao iling'olewa, ardhi ikachimbwa chini zaidi, na safu mpya za viti zikajengwa katika shimo hilo hadi karibu na mstari. Uwanja uliokuwa wa watu 38,000 ukawa wa watu 48,000, na klabu ya Manchester City ikaingia mwaka 2003. Anayeingia humo leo hawezi kujua kwamba palipata kuwa na mbio.

London haikuweza kufanya hivyo kwa sababu ahadi ilikuwa imewekwa na saruji imekwisha kukauka. Ilibidi itafutwe njia ya katikati. Safu za chini zilifanywa ziwe za kusogezwa, zikae juu ya njia ya kukimbilia wakati wa mpira na kuondolewa wakati wa riadha. Paa nalo liliongezwa ili lifunike viti vyote, kwa kuwa paa la Olimpiki lilifunika sehemu tu. Pamoja na kazi yote hiyo, viti vya mbele vilibaki mbali na mstari, na kati ya safu za chini na za juu ukaonekana mwanya mkubwa.

FEDHA ZA UMMA

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa London ulikuwa ghali. Kazi ya kuugeuza uwanja ilikisiwa kugharimu pauni milioni 272. Ilipokamilika ilikuwa imefika pauni milioni 323. Kusogeza viti kulikisiwa kugharimu pauni 300,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 ikafahamika kwamba gharama hiyo ingefika pauni milioni 8. Kati ya fedha za kuugeuza uwanja, West Ham ilitoa pauni milioni 15, na kodi yake ikawekwa kuwa pauni milioni 2.5 kwa mwaka.

Mkataba huo ulikuwa umefichwa. Mwezi Aprili 2016, baada ya mabaraza ya haki kuamua kwamba wananchi wana haki ya kuusoma, ulitangazwa hadharani. Hapo walipa kodi wakaona kwamba mwenye uwanja ndiye aliyebeba gharama za walinzi wa siku ya mchezo, na hata za milingoti ya magoli na bendera za kona. Meya wa London, Sadiq Khan, aliamuru uchunguzi, na ripoti ilipotoka mwezi Desemba 2017 aliuchukua uwanja chini ya usimamizi wake mwenyewe.

Klabu ilijitetea kwamba ilishinda katika ushindani wa wazi na kutia sahihi masharti yaliyokubaliwa na pande zote. Utetezi huo una uzito. Mpangaji mwenye akili hutafuta kodi nafuu. Ni kazi ya mwenye nyumba kupiga hesabu zake. Kosa lilitangulia siku ile nyumba ilipojengwa bila kuamuliwa nani atakayelala ndani yake.

MWAKA WA KWANZA NYUMBA MPYA

Mchezo wa kwanza wa mashindano ulifanyika tarehe 4 Agosti 2016 dhidi ya Domžale ya Slovenia, na zaidi ya watu 50,000 walihudhuria. Cheikhou Kouyaté wa Senegal alifunga mabao mawili, na Sofiane Feghouli wa Algeria akafunga la tatu. Mabao yote ya siku hiyo, katika uwanja aliotukuka Rudisha, yalifungwa na wachezaji wa timu za taifa za Afrika.

Tena palikuwa na neema ambayo familia nyingi ziliifurahia. Kwa kuwa viti vilikuwa vingi, bei ilishuka. Tiketi ya msimu mzima ya mtu mzima ilianzia pauni 289, na ya mtoto wa chini ya miaka 16 ilikuwa pauni 99. Baba ambaye Upton Park aliweza kwenda na mtoto mmoja tu, sasa aliweza kwenda na wawili pamoja na mama yao.

Lakini wiki chache hazikupita kabla ya ugomvi kuanza, na mara nyingine ulikuwa kati ya watu wa West Ham wenyewe. Katika uwanja wa zamani waliozoea kusimama na kuimba walikuwa na pembe zao, na waliopenda kukaa na watoto walikuwa na zao. Kila mtu alimjua jirani yake. Katika uwanja mpya watu walichanganywa. Aliyesimama alimziba aliyekaa, aliyekaa akamkaripia aliyesimama, maneno yakawa mikono. Hali ilikuwa mbaya zaidi mwezi Oktoba 2016 timu ilipokutana na Chelsea, sarafu na viti viliporushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Walio katika kazi ya ulinzi watalielewa jambo jingine lililozidisha ugumu. Mwanzoni mwa msimu huo polisi wa London hawakuwa wakipangwa ndani ya uwanja, kwa sababu mawimbi ya redio zao hayakuwa yakishika vizuri humo ndani. Afisa asiyeweza kumwita mwenzake hawezi kupelekwa kati ya watu 50,000. Ulinzi wa ndani ukaachwa mikononi mwa walinzi wa kiraia, ambao nao walikuwa wageni wa uwanja na wageni wa watu wake. Yapo mambo ambayo mchoraji wa jumba huyasahau kwa kuwa hayaonekani katika picha.

Siku ya giza kuliko zote ilikuwa tarehe 10 Machi 2018. West Ham ilifungwa na Burnley 3 kwa 0. Watazamaji waliingia kiwanjani, na mmoja akaing'oa bendera ya kona na kuisimika katikati ya uwanja. Mamia walikusanyika chini ya jukwaa la wakurugenzi wakipiga kelele dhidi ya wenye klabu, ambao walilazimika kuondoka. Katika fujo hizo watoto kadhaa wa mashabiki waliogopa, na wachezaji wa akiba wa Burnley wakawapisha katika benchi lao wakae salama. Timu ngeni ilikuwa imewahifadhi watoto wa wenyeji ndani ya nyumba yao wenyewe.

Hasira hiyo haikuletwa na mabao matatu tu. Watu walikuwa wameambiwa kwamba wakikubali kuiacha nyumba ya wazee wao watapata timu kubwa katika uwanja mkubwa. Nyumba walikuwa wameitoa, na timu kubwa walikuwa hawajaiona.

USIKU WA TAREHE 17 MACHI 2022

Marekebisho yalifanywa kidogo kidogo. Zulia la kijani lililofunika njia ya kukimbilia lilibadilishwa likawekwa la rangi ya zambarau nyekundu, ambayo ni rangi ya klabu. Viti vya nyuma ya magoli vilipangwa upya na kusogezwa karibu zaidi na kiwanja. Hata hivyo zulia na viti havitoshi kuifanya nyumba iwe nyumba. Kilichohitajika ni jambo kubwa la kutokea ndani yake, ili watu wapate la kusimulia.

Jambo hilo lilitokea tarehe 17 Machi 2022 katika kombe la Europa. West Ham ilikuwa imefungwa 1 kwa 0 na Sevilla huko Hispania, na katika mchezo wa marudiano Tomáš Souček alisawazisha hesabu kwa kichwa. Dakika 90 zilikwisha, dakika za nyongeza zikaanza. Katika dakika ya 112 bao la ushindi lilifungwa na Andriy Yarmolenko wa Ukraine. Nchi yake ilikuwa imevamiwa na majeshi ya Urusi wiki tatu tu kabla ya hapo, na klabu ilikuwa imempa ruhusa ya kukaa pembeni kwa muda ashughulikie hali ya jamaa zake. Alipofunga, maelfu ya watu waliokuwa wakigombana miaka minne kabla walishangilia pamoja naye.

Usiku ule hakuna aliyepima mita kutoka kiti chake hadi goli. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Juni 2023, West Ham iliifunga Fiorentina 2 kwa 1 mjini Prague, Jarrod Bowen akifunga bao la ushindi katika dakika ya 90, ikachukua kombe la Europa Conference. Lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza tangu lile la FA la mwaka 1980.

ZIZI BADO NI LA WAWILI

Pamoja na hayo yote, wanariadha hawajafukuzwa. Tarehe 4 Agosti 2017, mwaka mmoja kamili tangu mchezo ule wa Domžale, viti vya chini vilikuwa vimeondolewa, na katika njia ile ile Joshua Cheptegei wa Uganda, kijana wa jeshi la polisi, alishindana na Mo Farah wa Uingereza katika mita 10,000 za mashindano ya ubingwa wa dunia. Alishindwa kwa chini ya nusu sekunde, akapata medali ya fedha. Kwa sababu ya mashindano hayo West Ham ililazimika kuanza msimu wake kwa michezo mitatu mfululizo ugenini, ikisubiri nje hadi sherehe ya fahari mwenzake iishe. Kila kiangazi mashindano ya Diamond League yanapofanyika hapo, viti huondolewa tena, na fedha za kuviondoa hutafutwa tena.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii haiko mbali. Namboole mjini Kampala, Kasarani mjini Nairobi na uwanja wa Benjamin Mkapa mjini Dar es Salaam, yote ina njia ya kukimbilia kuzunguka kiwanja cha mpira. Nchi zisizo na fedha za kujenga viwanja viwili hujenga kimoja cha wote, na uamuzi huo una busara yake, maana mkimbiaji wa kijijini naye anahitaji mahali pa kuonekana. Namboole ilipoharibika, askari wahandisi wa jeshi la Uganda ndio waliopewa kazi ya kuikarabati, na mwaka 2025 ikapokea michezo ya CHAN. Gharama ya uamuzi huo hulipwa na mtazamaji wa nyuma ya goli, lakini anaijua tangu siku ya kwanza. Manchester waliamua mapema upande mmoja, na wajenzi wa Afrika Mashariki waliamua mapema upande mwingine. Waliochelewa kuamua ndio waliolipa mara mbili.

Nao watu wa West Ham wameihesabu miaka mingi tangu lori la uhamisho lishushe mizigo, kila mmoja kwa kadiri anavyoihesabu moyoni mwake. Wazee wengine bado hushuka Green Street siku za Jumamosi kwa mazoea, wakatazama ghorofa zilizosimama palipokuwa na goli. Lakini mtoto aliyeingia kwa pauni 99 mwaka 2016 akiwa na miaka minane hakuwahi kuwa na uwanja mwingine. Amelia hapo siku ya Burnley na amecheka hapo siku ya Sevilla. Katika kila uhamisho, kama wajuavyo wakazi wa kambi na kota, wa kwanza kupaita mahali papya "kwetu" huwa ni mtoto, na wazazi humfuata polepole.